Warembo wa filta, mtazameni huyu dada asiye na jina

Hana jina, hana akaunti, na hakuna anayejua alikuwa binti wa nani. Lakini tangu mwaka 1665 hivi, huyu dada bado anageuza shingo na kumtazama kila anayepita. Anaishi kwenye jumba la makumbusho la Mauritshuis, Uholanzi. Aliyemchora ni Johannes Vermeer, na watu wanamwita Msichana mwenye Hereni ya Lulu.

Wengi wamemwona kwenye simu, wakalaiki, wakapita. Uhondo wote wameuacha.

Hebu vuta picha karibu, anza na hereni. Lulu iko wapi? Juu kuna mguso mmoja mzito wa rangi nyeupe. Chini kuna ukungu mwepesi tu, mwanga wa kola nyeupe unaorudi juu. Hata ndoano ya kuishika sikioni haikuchorwa! Jicho lako ndilo linalomalizia kazi.

Panda usoni. Mwanga unatoka kushoto, shavu linawaka, halafu upande wa sikio unazama kivulini taratibu. Tafuta mstari unaotenganisha pua na shavu la upande wa mwanga. Haupo. Ni rangi laini juu ya rangi laini, na bado pua unaiona kabisa. Mwaka 2018 wataalamu walimchunguza kwa mashine na hadubini, wakakuta hadi kope nyembamba ambazo macho ya kawaida hayazioni. Vermeer hakumficha chochote, alimtazama vizuri tu.

Sasa njoo mjini. Bibi harusi mwenye weusi wake wa kupendeza anaingia studio, picha zinatoka amekuwa rangi ya maziwa. Pua imechongwa, kivuli kimefutwa, uso umenyooka kama sahani. Ndugu zake wenyewe wanauliza, huyu ni nani?

Wapiga picha watasema mteja ndiye bosi, na kweli hela ni yake. Lakini nani alimfundisha mteja kwamba kupendeza ni kung'arishwa? Ngozi nyeusi inajua kucheza na mwanga: taa ikiigonga kwenye paji la uso na mfupa wa shavu, inang'aa yenyewe. Ukifuta kivuli, na huo mng'ao umeuua. Huyu dada wa Vermeer ni mweupe, lakini hata yeye angeondolewa kivuli asingebaki na kitu.

Na kuna hili la bei. Mwaka 1881 picha hii iliuzwa mnadani kwa gilda 2 na senti 30, pesa ya mboga, kwa sababu ilikuwa chafu na imechakaa. Uzuri ulikuwepo muda wote, waliokosekana ni watu wa kuutazama.

Kabla hujagusa kile kitufe cha kulainisha, itazame sura yako kwanza. Hivyo vivuli unavyotaka kufuta, ndivyo vinavyomfanya mama yako akujue kwa mbali.