Chambo cha Plastiki na Kinywa cha Perege

Wapo miongoni mwetu wanafunzi ambao wakati wa likizo huchukua mwanzi, mshipi na ndoana wakaenda kuvua, ama katika mabwawa ya samaki ya mabondeni kwetu kwa idhini ya wenyewe, ama kule chini Mombo na Korogwe. Hilo ni jambo jema, kwani kijana hujifunza saburi na nyumbani hupatikana kitoweo. Lakini siku hizi yamezuka mabishano juu ya chambo. Wengine wamevutiwa na vile vyambo vya plastiki laini vyenye sura ya nyungunyungu au kisamaki, nao hudhani kwamba kilicho kikubwa na chenye rangi nyingi ndicho kitakacholeta samaki wengi. Maoni yangu ni kwamba chambo huchaguliwa kwa kinywa cha samaki, wala si kwa jicho la mvuvi.

Nyungunyungu wa plastiki hakutengenezwa kwa ajili ya perege. Alibuniwa mwaka 1949 na Nick Creme wa Akron, Ohio, huko Marekani, na waliokusudiwa walikuwa samaki wenye vinywa vipana. Baadaye Wamarekani walitengeneza vyambo vidogo zaidi kwa samaki wadogo wa maziwani, wale wanaoenea katika kikaangio. Hao ndio wanaokaribiana na perege wetu kwa umbo na kwa udogo wa kinywa. Basi funzo lao latufaa: chambo kiwe chembamba, cha sentimita 3 au 4, chenye mkia mwepesi, juu ya ndoana ndogo na chubwi ya gramu 1 hivi.

Mwenye chambo kirefu hana haja ya kununua kingine, mkasi utamtosha. Akate upande wa kichwa abakishe mkia, maana mkia ndio uchezao majini. Ukiwa mnene, aupasue kwa wembe uwe nyuzi mbili. Ndoana iingie katikati ya kichwa na kutokea mgongoni, ili chambo kikae kimenyooka. Kikikaa kimepinda kitazunguka, kitasokota mshipi, na samaki atakikimbia. Wala mtu asiyeyushe plastiki bwenini ili kuunga vipande, kwani moshi wake una sumu.

Hata hivyo, yafaa tujiulize perege hula nini. Chakula chake kikubwa ni mwani na mimea laini ya majini, pamoja na vidudu. Plastiki tupu haina harufu wala ladha ya vitu hivyo. Perege huiendea kwa sababu inatikisika, au kwa sababu yeye ni dume anayelinda kiota chake. Kambale naye hutafuta chakula kwa ndevu zake na kwa kunusa. Kwa hiyo maji yanapochafuka kwa mvua, nyungunyungu wa bustanini au kidonge cha ugali uliokandwa vizuri hufaa zaidi, tena hakina gharama.

Liko jambo lililo kubwa kuliko hayo. Mto Pangani una perege wake wa asili. Mtaalamu Rosemary Lowe aliwaeleza katika maandishi ya sayansi mwaka 1955, mmoja akampa jina la Korogwe na mwingine jina la Pangani. Jike wa perege hao huatamia mayai yake kinywani, na vifaranga hukaa humo mpaka wapate nguvu. Ndoana ikimnasa huyo, kizazi kizima chaweza kupotea. Ukimwona samaki mwenye koo lililovimba, mrudishe majini mara moja. Tena bana kijino cha ndoana kwa koleo kabla ya kuvua, ili kuitoa kusimpasue kinywa.

Jambo la mwisho ni la vipande vinavyokatika. Nyungunyungu wa udongoni huoza. Wa plastiki haozi, na samaki akimmeza huweza kubaki naye tumboni. Maji ya mto wa Soni huteremka Mombo yakamwagilia mashamba ya mpunga, kisha huelekea Mto Pangani na baharini. Tunachokitupa huku juu, wenzetu wa chini hukipokea.

Kwa hiyo nashauri kila mvuvi awe na kopo la kutilia vipande, na arudi navyo vyote. Asiyeweza kufanya hivyo, heri achimbe nyungunyungu nyuma ya jiko. Nanyi wazazi, kijana akirudi kutoka mtoni msimwulize idadi ya samaki tu. Mwambieni awaonyeshe na lile kopo.