Sanamu irudi, fuvu libaki?

Wandugu vijana wa Kasongo, Kabambare na Maniema yote,

Tarehe 3 Julai 2022 Ubelgiji ilitoa sheria ya kurudisha vitu vilivyobebwa wakati wa ukoloni. Wengi walipiga makofi. Sisi tunasema: muisome vizuri. Ile sheria imeacha nje vitu viwili: mabaki ya watu, na nyaraka za arshive.

Muangalie jirani zetu wa Tanganyika. Desemba 1884 watu wa luteni Émile Storms walimuua Lusinga, chifu wa Watabwa, wakamkata kichwa. Sanamu yake iko makumbusho ya Tervuren. Fuvu lake liko Brussels, Taasisi ya Sayansi Asilia. Kwa sheria hii sanamu inaweza kurudi, fuvu hapana. Mti uko na haki kuliko mutu!

Na sisi? Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dhanis liliingia Kasongo. Januari 1894 Kabambare ikaanguka. Hinde, daktari wao, aliandika mwenyewe namna askari walilalia magodoro ya hariri kwenye vitanda vya kuchongwa. Barua za Kiarabu na Kiswahili za zama zile za Tippu Tip, Sefu na Rumaliza zimefungiwa Ubelgiji. Profesa Xavier Luffin alitoa kitabu juu yake mwaka 2020, kwa Kifaransa. Lugha ni yetu, kabati ni yao.

Watatuambia: wakubwa wa Kasongo waliuza watu. Ndiyo, waliuza, na hatuwasafishi. Njo maana tunazitaka zile karatasi! Wajukuu wa waliouzwa wako hapa, hawako Brussels.

Na Kinshasa je? Februari 2022 Waziri Mkuu Sama Lukonde alipewa orodha ya vitu karibu 84,000. Nani aliisoma huku kwetu? Juni, Mfalme Philippe alileta kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo. Mutu anabeba mbuzi yako, kisha anakukopesha!

Tunadai:

1. Ubelgiji irekebishe sheria, iingize mafuvu na nyaraka.
2. Serkali itangaze ile orodha kwa kila teritwari, kwa Kiswahili.
3. Nakala za barua zote ziwekwe kwenye intaneti bure, sasa. Zenyewe zifuate.

Mbunge akija kuomba kura, mumuulize kwanza: orodha iko wapi?