Kichaa cha Mbwa Hakiombi Kibali

Mpakani Namanga, mbwa anayesumbuliwa ni yule aliyechanjwa. Ana mwenyewe, ana mkanda shingoni, ana kadi, ana gari la kumbeba. Kwa hiyo yupo mtu wa kubanwa maswali. Kibali cha kumwingiza kiko wapi? Cheti cha afya kimegongwa muhuri lini? Daktari wa mifugo ametoka, subirini. Wakati huohuo mbwa koko anavuka kutoka Kenya kuingia Tanzania akifuata harufu ya bucha, jioni anarudi zake, wala hakuna anayemwambia hata "toka". Halafu tunaambiwa utaratibu huu unatukinga na kichaa cha mbwa. Unamkinga nani?

Tusielewane vibaya. Ugonjwa huu hauna mzaha. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni jambo la nadra mno, na kifo chake ni cha mateso ambayo aliyewahi kuyashuhudia hayasahau. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Watoto wa chini ya miaka 15 ni takriban wanne katika kila kumi. Kwa hiyo serikali ina kila haki ya kumkagua mbwa anayevuka mpaka. Ugomvi wangu ni kwamba haimkagui mbwa. Inakagua karatasi.

Na karatasi yenyewe mmeiona? Ni kadi iliyokunjwa katikati. Jina la mbwa limeandikwa kwa kalamu: Simba. Rangi: kahawia. Jinsia: dume. Kando yake imebandikwa lebo ndogo iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, kisha sahihi isiyosomeka na muhuri uliofifia. Basi. Hakuna kinachoifunga kadi hiyo na mnyama aliyesimama mbele ya ofisa. Madume ya kahawia yanayoitwa Simba yako mangapi kutoka Arusha hadi Kajiado? Kadi ya Simba aliyekufa mwaka jana inaweza kumvusha Simba wa mwaka huu, na kadi ya mbwa asiyewahi kuiona sindano ikapata muhuri uleule wa serikali.

Dawa ya ujanja huo ipo tangu zamani. Ni chipu yenye ukubwa wa punje ya mchele, hudungwa chini ya ngozi katikati ya mabega, ndani yake mna namba ya tarakimu 15. Ofisa akipitisha kifaa cha kuisomea, namba inajitokeza. Ama inalingana na iliyo kwenye cheti, ama hailingani. Hakuna maneno mengi. Lakini penye maneno mengi ndipo penye chai, na ndiyo maana sishangai kwamba mageuzi haya hayana haraka.

Uingereza ilipitia njia hii. Mwaka 1918 kichaa cha mbwa kilirudi katika nchi iliyokwisha kukitokomeza, na inaaminika kililetwa na mbwa walioingizwa kwa siri na wanajeshi waliokuwa wakirejea kutoka vitani. Kilizimwa tena mwaka 1922. Kwa miongo mingi mbwa aliyetoka ng'ambo alifungiwa karantini miezi 6, awe mzima awe mgonjwa. Mwaka 2000 wakaanza kuifungua milango ile: mbwa mwenye chipu, chanjo na majibu ya damu kutoka nchi zilizokubaliwa akaruhusiwa kuingia na mwenyewe. Hawakuacha kukiogopa kichaa. Walichoacha ni kumfunga mbwa ambaye sayansi imeshamthibitisha.

Umoja wa Ulaya nao ulianzisha pasipoti ya wanyama wa kufugwa mwaka 2004, kijitabu kimoja kinachotambulika kutoka nchi mwanachama hadi nyingine. Sisi je? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imeanza kutumika tangu Julai 2010. Vituo vya pamoja vya mpakani vimejengwa Namanga, Holili, Busia na Rusumo. Hata gari lina Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayoheshimiwa hadi Tanzania ambayo si mwanachama wa COMESA. Mbwa anayetoka Nairobi kwenda Arusha bado anahesabiwa kama mzigo uliotoka bara jingine: kibali huku, cheti kule, nenda rudi.

Tukifika hapa, wenzangu wengi hugeuza hasira kuwaelekezea Wazungu. Kwa nini mbwa kutoka Kenya au Tanzania apimwe damu siku 30 baada ya chanjo, kingamwili zake zifikie 0.5 IU kwa mililita, kisha asubiri miezi 3 tangu damu ichukuliwe ndipo aingie Ulaya? Kwa nini Marekani, katika masharti iliyoanza kuyatumia Agosti 1, 2024, inaziweka nchi zetu kwenye orodha ya hatari? Ni ubaguzi, wanasema. Basi tuitazame Mauritius. Ni Afrika hiyohiyo, ila imo katika orodha ya Ulaya ya nchi ambazo mbwa wake hasubirishwi miezi hiyo 3. Wanachopima wenzetu ni kichaa cha mbwa, nasi tumefeli mtihani huo wenyewe, kwa uvivu wetu.

Kuna watakaokunja uso: watu wanalala mpakani na mahindi yao, wewe unatuletea habari za mbwa wa matajiri? Hoja hiyo ni tamu kuisema, lakini haina miguu. Mbwa wa tajiri ameshachanjwa. Anayelipa gharama ni mtoto wa mfugaji wa Longido anayeumwa na mbwa asiye na kadi, ambaye baba yake atauza mbuzi kutafuta nauli na sindano. Mnyororo wa ugonjwa hukatika pale angalau asilimia 70 ya mbwa wanapochanjwa. Pemba walifanya hivyo na kichaa kikatoweka. Mwaka 2016 kikaingia upya kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja tena, na kufikia mwisho wa 2018 kilikuwa kimezimwa. Somo hilo lina pande mbili, na sisi hatujashika hata mmoja: chanja walioko ndani, mtambue anayeingia.

Nanyi wenye mbwa msijifiche nyuma yangu. Mnaompa mnyama dawa ya usingizi na kumlaza chini ya kiti cha basi, mnaolipa bodaboda ampitishe njia za panya, mnaonunua kadi bila sindano: nyinyi ndio mnaompa mrasimu sababu ya kuishi. Kila mbwa anayepita kwa hongo ni hoja mpya ya kuongeza muhuri mwingine. Na wewe unayehama nchi ukamwachia mlinzi mbwa wako kwa ahadi ya kumtumia hela ya chakula, unajua vizuri ahadi hiyo huisha mwezi wa ngapi, na mbwa huyo huishia wapi.

Kinachotakiwa hakihitaji kongamano la hoteli ya nyota tano. Jumuiya ya Afrika Mashariki itoe pasipoti moja ya mbwa kwa nchi zote wanachama, iliyofungwa na chipu na chanjo. Kila kituo kikubwa cha mpakani kipewe kifaa cha kusomea chipu na mtu anayejua kukitumia. Na kila shilingi inayotozwa kwa kibali cha mbwa iende kuchanja mbwa wa vijiji vya mpakani, hesabu zibandikwe ukutani tuzisome.

Shirika la Afya Duniani na washirika wake wameweka lengo la kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa kinachoenezwa na mbwa ifikapo 2030, na Kenya ina mpango wake wa kitaifa unaoishia mwaka huohuo. Miaka inayoyoma. Mawaziri wa mifugo wakikutana tena Arusha, wasituletee fomu mpya. Watuambie wamechanja mbwa wangapi Namanga, pande zote mbili. Wakikosa jibu, waache kututoza hela za kibali, maana watakuwa wanatuuzia ulinzi wasiokuwa nao.