Shujaa Aliyewadharau Raia

Wasomaji walioipitia tamthilia ya Juliasi Kaizari, iliyofasiriwa na Mwalimu Julius Nyerere na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, wanajua jinsi Shakespeare alivyoitumia Roma ya kale kuyapima mambo ya utawala. Iko tamthilia yake nyingine ya Kirumi, iliyoandikwa yapata mwaka 1608, ambayo yamgusa zaidi mtu avaaye sare na jamaa zake nyumbani. Jina lake ni Coriolanus.

Mchezo huanza kwa njaa. Raia wa Roma wameshika marungu wakidai nafaka. Menenius, mzee wa tabaka la mabwana, anawatuliza kwa ngano: viungo vya mwili viliasi tumbo, vikidai kwamba hula bure, tumbo likajibu kuwa chakula lipokeacho hukigawa mwilini kote. Tumbo hilo ndilo Baraza la Seneti. Ngano ni tamu, walakini haishibishi. Yafaa ikumbukwe kwamba mwaka 1607 wanavijiji wa Uingereza ya kati waliasi kwa sababu ya mashamba kuzungushiwa ua. Njaa ile ya jukwaani haikuwa hadithi ya mbali.

Caius Martius, askari hodari, hawahurumii raia hao. Lakini vitani aliingia peke yake katika lango la Corioli, mji wa Wavolsi, likafungwa nyuma yake. Akatoka akivuja damu, na mji ukatekwa. Ndipo alipopewa jina la Coriolanus. Alitunukiwa fungu la kumi la nyara, akalikataa. Mwilini alihesabiwa majeraha 27.

Taabu ilianza aliporejea. Atakaye ukonsuli, cheo kikuu cha jamhuri, sharti avae vazi la unyenyekevu, asimame mbele ya raia na kuwaomba kura. Coriolanus aliona hiyo ni fedheha. Kwake, damu yake ilikwisha kuinunua kura. Raia walimkubali, kisha watetezi wao wawili, walioogopa kupoteza madaraka, wakawachochea kugeuza kauli. Alipopandwa na hasira, alitaka hata cheo cha watetezi hao kifutwe. Akafukuzwa mjini. Hapo Shakespeare hampendelei mtu: shujaa ana kiburi, watetezi wana hila, na raia ni wepesi kugeuka.

Coriolanus akajiunga na Aufidius, adui yake wa siku nyingi, akaja kuichoma Roma. Rafiki zake walimsihi bure. Mwishowe alifika mama yake, Volumnia, pamoja na mkewe na mtoto wao mdogo. Mama akampigia mwanawe magoti. Mwana alimshika mkono, akanyamaza, akakubali amani akijua kwamba huenda ikamwangamiza. Wavolsi walimwua.

Makovu ya askari ni haki yake ya kuheshimiwa, wala si hati ya kuumiliki mji. Askari aonaye kwamba raia ni wadeni wake tu, yu karibu kuwageuzia silaha.

Lakini kiburi kile hakikuzaliwa kambini. Volumnia, aliyeiokoa Roma kwa machozi, ndiye aliyezoea kuwaita raia watu duni masikioni mwa mwanawe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.