Vijana wa Filamu, Msiuogope Ufupi

Mwaka huu nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu wa shindano dogo la filamu za vijana, hapa Dar es Salaam. Masharti yalikuwa mawili tu: kazi iwe ya mtu ambaye hajawahi kulipwa kwa kutengeneza filamu, na isizidi dakika 10. Zikaja filamu 23. Tulizitazama kwa siku mbili, madirisha tumeyaziba kwa vitenge ili mwanga usiharibu picha, na siku ya pili nilitoka na furaha na uchungu kwa pamoja. Furaha, kwa kuwa niliona kazi za vijana waliojinyima nauli na chakula mpaka wakamaliza. Uchungu, kwa kuwa wengi walijinyima kwa ajili ya jambo ambalo halikuwa na haja. Hilo ndilo linalonifanya nishike kalamu.

Filamu nyingi zilifunguka kwa namna moja. Droni inapaa juu ya Daraja la Kigamboni, muziki unavuma, jina la kampuni linawaka moto katikati ya kioo. Kisha kijana anaamka, anazima kengele ya simu, anapiga mswaki, anavaa, anafunga mlango, anashuka ngazi. Dakika 3 zimekwenda na mtazamaji hajajua kisa ni cha nani. Zikibaki 7, mambo yanakimbizwa: mapenzi, usaliti, mganga, mimba, jambazi, ajali, hospitali, mazishi, na mwisho maandishi meupe yanayotuonya tuache tamaa. Hiyo ni filamu ya saa mbili iliyokunjwa kwa nguvu ili iingie mahali pasipo pake.

Siwalaumu sana, maana najua walikojifunzia. Wamekua wakitazama filamu zetu za zama za mikanda na DVD, na zama zile zilikuwa na biashara yake. Kisa kimoja kilikatwa Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2 ili kiuzwe mara mbili, na ili kijaze sehemu mbili ilibidi kirefushwe. Ndiyo maana tulitazama gari likiingia getini, likiegeshwa, mlango ukifunguliwa, mtu akitembea mpaka sebuleni, akakaa, akaletewa juisi, ndipo akasema neno. Kwa mwuzaji wa DVD, juisi ile ilikuwa na faida. Kijana wa leo hana DVD ya kuuza, ana dakika 10 za kushindania, lakini bado analeta ile juisi.

Basi nawaambieni, vijana wangu, bila kuzunguka: sharti la dakika 10 ni zawadi kubwa kuliko bahasha ya mshindi. Bahasha inamfikia mmoja. Sharti linawafikia nyote, na linawalazimisha kujibu swali ambalo hata wakongwe hulikwepa: kisa hiki hasa ni cha nini?

Na sisi tangu lini tukauogopa ufupi? Tazameni shairi la tarbia. Mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane upande huu na nane upande wa pili, na vina juu yake. Ubeti mzima ni mizani 64. Ndani ya mizani hizo washairi wetu wameposa, wameomboleza, wamesutana magazetini na kujibizana kwa miezi. Mshairi hamwandikii mhariri kumwomba mizani ya nyongeza. Neno likizidi analitoa, na la kubaki analitafuta zito zaidi. Kazi ile ile ndiyo inayomngoja kijana anapokaa mbele ya kompyuta kuhariri picha zake.

Sinema yenyewe ilizaliwa fupi. Tarehe 28 Desemba 1895, mjini Paris, ndugu wawili wa ukoo wa Lumière waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio filamu 10, na hakuna hata moja iliyofika dakika nzima. Mojawapo ilionyesha wafanyakazi wakitoka kiwandani, basi. Hadi leo Tuzo za Oscar zina nafasi maalumu ya filamu fupi, isiyozidi dakika 40 pamoja na orodha ya majina ya mwisho. Filamu fupi ina kiti chake, haikuja kumshikia nafasi mtu mwingine.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mwafrika mwenzetu, Ousmane Sembène wa Senegal. Mtu huyu alikuwa kuli bandarini Marseille, akajifunza kuandika vitabu, kisha akiwa mtu mzima akaenda Moscow kujifunza sinema. Mwaka 1963 akatoa "Borom Sarret", filamu ya dakika 20 hivi. Ni siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Asubuhi anatoka nyumbani hakuna kitu. Wengine anawabeba hawalipi. Baba mmoja anampeleka makaburini na maiti ya mtoto mchanga. Mwisho anakubali kumpeleka mteja mtaa wa matajiri, ambako mikokoteni imekatazwa. Polisi anamkamata na mkokoteni unachukuliwa. Anarudi kwa mkewe na farasi peke yake. Mke anampakatisha mtoto, anatoka, anasema usiku ule watakula. Ameenda wapi? Hatuambiwi. Hakuna droni, hakuna bastola, hakuna maandishi ya kutuonya. Nchi ilikuwa na miaka mitatu tu ya uhuru, na kwa mkokoteni mmoja Sembène aliuliza uhuru ule umemfikia nani.

Miaka saba baadaye, kule Iran, Abbas Kiarostami naye alianza na filamu ya dakika kama 10: mtoto anapeleka mkate nyumbani, kichochoroni kuna mbwa, mtoto anaogopa kupita. Na huyo alikuja kuwa mmoja wa waongozaji wakubwa duniani.

Mtasema hao ni wa mbali na wa zamani. Haya, njooni karibu. Amil Shivji, kabla ya "Vuta N'kuvute" ya 2021 iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, alipita kwenye filamu fupi: "Shoeshine", kisha "Samaki Mchangani". Wanuri Kahiu wa Kenya aliitengeneza "Pumzi" mwaka 2009, kisa cha dunia iliyokwisha maji, kwa dakika zipatazo 20 tu, na mwaka uliofuata ikaonyeshwa Sundance kule Marekani. Na ile "Watu Wote" ya 2017, inayotokana na basi lililovamiwa na magaidi njiani kwenda Mandera, abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na wenzao Wakristo, ilikuwa kazi ya wanafunzi wa chuo cha Hamburg, Ujerumani, wakishirikiana na Wakenya. Ikafika mpaka kuteuliwa kuwania Oscar. Kisa chetu kile. Uchungu wangu ni kwamba kilingoja mwanafunzi kutoka Ulaya kuja kukiona.

Sasa nirudi kwenye chumba chetu cha vitenge, maana humo nako kulikuwa na kitu. Filamu ya 17, nakumbuka namba yake, ilikuwa ya binti wa miaka 19. Ilishutiwa kwa simu na ilidumu dakika 6. Jina lake "Chumvi".

Magharibi inaingia. Mama yuko jikoni uani, anaonja mchuzi, anatikisa kopo la chumvi, halina kitu. Anamtazama mtoto wake wa kiume, kama wa miaka minane hivi. Mtoto anatazama chini. Tunaelewa kwamba chumvi ya karibu iko kwa jirani, na kwa jirani hakuendeki. Ugomvi ulikuwa wa nini hatuambiwi. Mama anasema neno moja tu: "Kimbia." Na kila aliyekulia uswahilini anajua kwa nini akimbie, maana wazee wetu wengi giza likishaingia hawatoi chumvi wala sindano.

Mtoto anavuka kichochoro. Kabla hatujamwona jirani tunasikia mbuzi, yaani nazi inakunwa, kwaru, kwaru, kwaru. Mtoto anabisha hodi. Mbuzi inanyamaza. Hapo yule binti alifanya jambo ambalo waamuzi wenzangu waliliita kosa, mimi nikaliona ufundi: aliiacha kamera usoni kwa mtoto na kunyamaza kwa sekunde nyingi. Hatuoni mlango ukifunguliwa. Tunaona tu macho ya mtoto yakipanda polepole kuelekea uso wa mtu mzima. Kisha mikono ya jirani inakunja karatasi ya daftari, inamimina chumvi, inaifunga. Jirani anasema jambo. Mtoto anarudi mbio. Mama anatia chumvi, anaonja, anakaa kimya na mwiko mkononi. Ng'ambo ya ukuta mbuzi inaanza tena. Filamu inakwisha.

Mlango mmoja, karatasi moja, watu watatu, nauli sifuri, maana wote ni wa mtaa mmoja. Nilihisi koo linanikaba.

Haikupata tuzo. Wenzangu walisema picha ni hafifu, na kwamba maneno ya jirani hayasikiki. La picha nililipinga, kwa sauti ndogo kuliko ilivyopasa, na hilo linaniuma hadi leo. La maneno lilikuwa kweli. Jirani alisema sentensi moja tu katika filamu nzima, na sentensi hiyo ilimezwa na upepo na pikipiki.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Picha hafifu mtazamaji huisamehe baada ya nusu dakika, jicho likishazoea. Sauti mbovu hasamehe, kwa kuwa kila neno linalompita linamtoa ndani ya kisa. Katika filamu zile 23, hazikuzidi 5 ambazo nilisikia kila neno. Na fedha za kukodi droni kwa siku moja, ukiziongezea kidogo, zinanunua maiki ya kubana kwenye kola. Huna hata hizo? Chukua simu ya pili, ya rafiki yako, iweke karibu na msemaji mahali kamera isipopaona, chini ya ungo au nyuma ya sufuria, irekodi sauti peke yake. Wote wakiwa tayari piga kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo litakusaidia baadaye kulinganisha sauti na picha. Zima feni. Zima na friji, na ufunguo wa nyumba uuweke ndani yake, ili usiondoke ukaisahau na kuharibu samaki wa mama wa watu. Kabla hamjatawanyika, waombe wote wanyamaze nusu dakika, rekodi ukimya wa mahali pale. Ukimya wa uani Magomeni si ukimya wa ufukweni Bagamoyo, na wakati wa kuhariri utauhitaji kuziba mapengo.

Kuhusu muziki nitasema machache. Wimbo unaopigwa kila kona si wako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na mashindano mengi huitupa nje filamu yenye wimbo usio na kibali, hata iwe nzuri vipi. Mtafute kijana anayepiga gitaa mtaani kwenu, muandikishane. Au acha kabisa. "Chumvi" haikuwa na muziki. Ilikuwa na mbuzi.

Na kabla ya yote hayo, kabla hujamwita hata mwigizaji mmoja, andika kisa chako kwa sentensi moja. Mtoto anatumwa chumvi kwa jirani aliyegombana na mama yake. Ukishindwa kuiandika, bado hujawa na filamu, na hakuna kamera itakayokupatia. Ukiiandika, anza mahali mambo yameshaiva. Mswaki wa nini?

Wazazi nao nawageukia. Najua mnaona mtoto anachezea simu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini anapokuomba ukae mlangoni ushike karai la nazi ili akupige picha mara nane, kaa. Rashidi Kawawa, kabla hajawa waziri mkuu wa nchi hii, aliigiza filamu miaka ya mwanzo ya 1950, na haikumpunguzia heshima.

Nanyi mnaoandaa mashindano, mna deni. Msiwapokee vijana kazi zao, mkapiga picha na mgeni rasmi, mkaondoka. Kila aliyeshindwa mwandikieni hata mistari mitano, aelewe wapi alikosea na wapi alipatia. Kisha zirudisheni filamu zile mitaani zilikotoka. Zanzibar imetuonyesha kwa zaidi ya miaka 20, pale Ngome Kongwe kwenye tamasha la ZIFF, kwamba watu watakaa nje usiku kutazama filamu wasizozijua. Mtaani hapahitaji ngome. Panahitaji shuka jeupe, projekta ya kuazima na ruhusa ya mjumbe.

Yule binti nilimtafuta baada ya shindano, nikamweleza habari ya simu ya pili na nusu dakika ya ukimya. Alirudi kwa yule jirani, wakairekodi upya ile sentensi moja, akaipachika. Jumamosi moja akaning'iniza shuka uani kwao, nami nikaenda. Walijaa kina mama, watoto mbele kwenye mkeka. Mbuzi iliponyamaza, ua mzima ulinyamaza. Safari hii tukalisikia neno la jirani: "Mwambie hii si ya kurudisha."

Shuka lilipobaki jeupe, mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akasema huyo jirani alikuwa anasuta. Mwenzake akaruka, akasema hapana, alikuwa anapatana. Wakabishana mpaka saa nne za usiku, na yule binti, amechuchumaa kando ya projekta, alikuwa anaandika kila wanachosema.