Ini halioti kutoka kwenye kopo

Wiki hii hatukuja na mshono mpya wa dera wala mapishi. Tunaandika kutoka Dumila, kwenye fremu yetu ya vyerehani vitatu kando ya barabara ya Dodoma, na tuna jambo limetukaa rohoni. Kuna makopo ya unga yanapitishwa mlango kwa mlango kwa jina la "seli shina", na wauzaji wanaapa kwamba yanaotesha ini upya. Dada zetu, msinunue. Tunasema hivyo kwa sababu makopo ya kwanza kuingia mtaani kwetu tuliyalipia sisi wenyewe.

Mwenzetu mmoja wa kikoba, mama anayeuza mahindi, alipimwa akakutwa na homa ya ini aina ya B. Hospitali wakamwanzishia vidonge vya kumeza kila siku. Akatokea kijana nadhifu, shati jeupe, simu imejaa picha za maabara. Akamwambia vidonge vinachosha mwili, aviache, unga utamletea ini jipya kwa miezi mitatu. Kikoba kikakaa, tukapitisha mkopo wa laki nne. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Tulimpenda, tukaona tunamsaidia.

Mwezi wa nne macho yake yalikuwa ya manjano na tumbo limejaa maji. Alhamdulillah yuko hai, karudi kwenye vidonge. Yule kijana hapokei simu.

Baada ya hapo ndipo tulipoanza kuuliza na kusoma, jambo tulilopaswa kulifanya mwanzo. Tukagundua kwamba uongo ule una nguvu kwa sababu umeegemea ukweli.

Kweli ini linaota. Mwaka 1931 watafiti wawili wa Marekani, Higgins na Anderson, walikata theluthi mbili za ini la panya, na sehemu iliyobaki ikakua hadi ukubwa wa mwanzo ndani ya wiki chache. Mtu naye anaweza kumpa ndugu yake zaidi ya nusu ya ini lake, na miezi michache baadaye wote wawili wana ini la kuwatosha. Hiyo ni rehema ya Muumba, na kazi hiyo hufanywa zaidi na seli za kawaida za ini lenyewe, kwa kugawanyika.

Seli shina nazo zipo. Sisi mafundi tunazielewa hivi: ni kama kitambaa ambacho bado kiko kwenye jora, kinaweza kuwa dera, kinaweza kuwa kanzu. Mwaka 2006 mwanasayansi wa Japani, Shinya Yamanaka, alichukua seli za ngozi ya panya akazirudisha kwenye hali hiyo. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Ni sawa na kuchukua gauni lililokwisha kushonwa ukalirudisha jora zima! Mwaka 2013 watafiti wa Yokohama, akiwemo Takanori Takebe, walitumia seli za aina hiyo kutengeneza vichipukizi vidogo vya ini, wakavipandikiza kwa panya vikafanya kazi.

Lakini tazameni tofauti. Hizo ni seli hai, zinalelewa maabara kwa chakula na joto maalumu, na huwekwa mwilini kwa upasuaji au sindano. Unga mkavu wa kopo ukiunywa unasagwa tumboni kama uji. Hauwezi kwenda kuota kwenye ini.

Tena kwa mgonjwa wa homa ya ini, tatizo si kwamba ini limesahau kuota. Virusi vinaliumiza kila siku, linajitengeneza, linaumizwa tena, mpaka linajaa makovu. Ukitaka lipone, kwanza ondoa kinacholiumiza. Vidonge alivyoambiwa aviache ndivyo vilivyokuwa vinavibana virusi. Mtu akivikatisha bila daktari, ugonjwa unaweza kuamka kwa kishindo.

Wapo waliotuambia, "Kwani kumpa mgonjwa matumaini ni dhambi?" Matumaini si dhambi. Dhambi ni kumuuzia mtu matumaini huku unamnyang'anya dawa. Mwili ni amana, na kutawakali hakumaanishi kufumba macho.

Laki nne zile zingefanya nini? Zingelipa nauli zake za kliniki. Zingewapima watu wa nyumba yake, kwa kuwa ugonjwa huu hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Asiyeambukizwa huchanjwa, dozi tatu kwa miezi sita. Watoto wa Tanzania walianza kupewa chanjo hii mwaka 2002, kwa hiyo sisi wenye miaka thelathini na kitu hatukuipata utotoni.

Na zingenunua turubai. Huku kwetu mahindi ndiyo maisha, na mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2016, huko mbele yetu Dodoma na Manyara, sumu hiyo iliugua watu 68, na 20 wakafa. Kupika hakuiondoi. Mwenye homa ya ini B akiila kwa muda mrefu, hatari ya saratani ya ini huongezeka maradufu na zaidi. Anika juu ya turubai, si udongoni. Chambua punje zilizooza, usiwape kuku wala usizisage "za dona".

Kikoba chetu sasa kina sharti: mkopo wa matibabu unapitishwa baada ya wawili wetu kumsindikiza mgonjwa kwa daktari. Nasi sote tumekwenda kupima. Majibu ni siri ya kila mmoja.

Deni la mwenzetu tumelifuta, maana lilikuwa kosa letu kama lilivyokuwa lake. Shoga, ukiletewa kopo, mfunge mlango muuzaji, kisha umshike mkono mgonjwa mwende kliniki. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.