Usiunde kompyuta kwanza. Fungua iliyokufa

Kila wiki lazima mtu aniulize inboksi: "Bro, niko na elfu arobaini, niunde PC yangu ama ninunue laptopu?" Jibu langu halijabadilika na najua linaudhi. Usiunde. Bado. Nunua mashine ya mtumba uifungue. Kama hata hiyo huwezi, kuna mjomba wako mahali ana laptopu iliyokufa juu ya kabati. Anza na hiyo.

Kabla mniite mshamba, sikilizeni kisa cha jirani yangu hapa upande wa Litein. Mzee wao ni mkulima mdogo wa chai. Wa huku mnajua bonasi ya KTDA ni nini: mwaka mzima unapeleka majani senta, unalipwa kidogo kidogo kila mwezi, halafu karibu Oktoba ndio ile pesa ya maana inaingia. Hiyo ndiyo karo, ndiyo deni la duka, ndiyo mabati. Na sisi wa magharibi ya Bonde la Ufa bonasi yetu huwa ndogo kuliko ya wenzetu wa mashariki, hiyo kelele mmeisikia. Sasa kwa hiyo pesa ndogo, mzee alikata kipande akampa kijana wake aunde kompyuta ya kuhariri video. Kijana alikuwa ametazama YouTube miezi mitatu. Alijua majina yote.

Akanunua prosesa ya i5-8400 kwa mtu mmoja Nairobi, madabodi ya H110 kwa mwingine, vitu vikaja na matatu. Zote mbili zimeandikwa soketi LGA 1151. Prosesa ikaingia vizuri kabisa, hata haikusumbua. Akabonyeza swichi. Feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi.

Shida ni hii. Intel walitumia jina hilo hilo la soketi kwa kizazi cha 6 na cha 7, halafu walipofika cha 8 wakabadilisha mpangilio wa pini bila kubadilisha umbo. Kwa hivyo H110 haiwezi kuwasha i5-8400. Kizazi cha 8 kinataka madabodi za namba za 300, kama H310 au B360. Kwa macho huwezi kujua. Aliyemuuzia akasema bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Boksi likalala chini ya kitanda miezi minne, na kila jioni mzee anauliza kwa upole, na huo upole ndio ulikuwa unaumiza: "Kijana, bonasi yangu imewaka?"

Huyu jamaa si mjinga. Kuunda kompyuta ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, ni kupachika na kukaza skrubu. Kazi ngumu ni kununua. Na huwezi kununua vizuri kama hujui maswali ya kuuliza, na maswali hutayapata kwa video ya mtu wa Marekani ambaye kitu kikikataa anakirudisha dukani kesho yake.

Mimi maswali niliyapata kwa aibu. HELB ya kwanza ilipoingia nilinunua laptopu ya mtumba, Sh18,000. Mwaka wa pili ikakufa katikati ya muhula: taa inawaka, inapiga bip, skrini haileti kitu. Fundi mmoja mjini akaniambia madabodi imeungua, nilete Sh7,500. Sikuwa nazo. Nikamaliza wiki sita nikiandika kazi za chuo kwa simu yenye kioo kimepasuka. Sitawadanganya kwamba hiyo ndiyo ilinitoa chuo. Karo ndiyo ilinitoa. Lakini zile alama zilinisukuma pia.

Nikiwa nimerudi nyumbani, sina cha kupoteza, niliigeuza nikaifungua kwa bisibisi ya kuazima. Mama alitoka kuchuma chai akapata vipande mezani, akauliza, "Umeharibu tena?" Nikatoa RAM. Yale meno yake ya dhahabu yalikuwa na uchafu mweusi. Nikasugua na raba ya penseli, nikairudisha mpaka ikalia tik, nikawasha. Ikawaka. Raba ya shilingi kumi. Nililia kidogo, chekeni tu.

Sisemi yule fundi alikuwa mwizi. Labda alichoka, labda hakuangalia. Ninachosema ni kwamba mimi sikuwa na njia yoyote ya kujua, na mtu asiye na njia ya kujua hulipa anachoambiwa.

Kwa hivyo ukiwa na elfu arobaini, tafuta laptopu ya ofisi, zile zinaitwa ex-UK. ThinkPad T480, EliteBook 840 G5, Latitude 5490. Chini ni skrubu, RAM inatoka, SSD inatoka, vipuri viko. Hizo nyingi huja na Intel ya kizazi cha 8, na hapo ndipo Windows 11 inapoanzia kukubali. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo mtu akikuuzia ya kizazi cha 6 kwa bei ya kutupa, jua kwa nini. Si mbaya, weka Linux Mint ujifunzie. Za kuepuka ni zile nyembamba ambazo RAM imechomelewa ndani, kama X1 Carbon au MacBook mpya. Tamu kutumia, lakini RAM yake huwezi kubadilisha.

Halafu kuna stima. Huku mvua inakuja alasiri na radi zake, stima inapotea ukiwa umebakisha dakika mbili video imalizike. Laptopu ina betri. Ile PC yako ya taa za rangi haina, na hesabu ya UPS hukuiweka.

Wa gemu nawasikia. Chukueni OptiPlex ya ofisi muweke kadi fupi ya grafiki isiyotaka waya wake wa umeme, yaani isiyozidi wati 75. Pimeni nafasi kwanza.

Na mipaka iko. Kile kiboksi cha umeme cha PC usikifungue hata kama kimechomolewa, kapasita zake hubaki na moto wa kukurusha. Betri iliyovimba usiitoboe wala kuibonyeza. Kuchomelea kwenye madabodi, mpe fundi mwenye mkono. Mengine utaharibu na ni sawa. Mimi nilivuta waya bapa wa kibodi bila kuinua kile kikufuli kidogo, kikavunjika, nikanunua kibodi nzima. Sijarudia.

Yule jirani? Mwezi uliopita nilipewa OptiPlex iliyokufa, ilitoka kwa ofisi fulani, umeme uliiua. Madabodi ilikuwa imeenda lakini prosesa ilikuwa i5-6500, kizazi cha 6. Tukaifuta ile dawa ya joto iliyokauka, tukapaka mpya, tukaipachika kwenye H110 yake. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na gamubuti zake. Nembo ikatokea kwenye skrini. Akasema, "Sasa," akaenda kukamua.

Ile i5-8400 bado tunatafuta mtu wa kuinunua. Ukiitaka, uliza kwanza madabodi yako ni ya namba gani.